Wifi wa kwenye dashibodi: kile kidude kinachoongea ndani ya gari ya misheni, miezi 14 baadae

Nianze kwa kusema sikukinunua. Kilikuwa tayari ndani ya gari siku tunakabidhiwa funguo, kimebandikwa kwenye kioo cha mbele kule chini karibu na dashibodi, ukubwa wake kama viberiti viwili ukivibananisha, kina kitaa kimoja cha kijani, nami nikajua ni mambo ya bima au alamu ya wezi nikaachana nacho. Nikauvuta mkanda begani, mama watoto yeye bado anatafuta miwani kwenye pochi, nikatia gia, hatujasogea hata mita thelathini kikalia pii pii pii halafu sauti ya mwanamke, ya upole lakini imekaza: funga mkanda. Mke wangu akageuka kuangalia siti ya nyuma. Nakwambia ukweli, aligeuka kuangalia nani amepanda.

Basi hii ni rivyuu ya hicho kidude. Jina la kampuni sitaji maana kuna mahali nitalalamika, na hata hivyo vidude hivi viko vya aina nyingi ila ukoo ni mmoja, ukikijua kimoja umevijua vyote.

Kwa wasiotujua, mimi na mke wangu ni wastaafu, watoto wote wameshatoka nyumbani, na tuko kwenye misheni ya wazee ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Watu wakisikia wamisionari wa kanisa hili wanapata picha ya vijana wawili wa mashati meupe na tai wanabisha hodi mlango kwa mlango. Wale ni wengine. Vijana wa kiume wanatumikia miaka miwili, sisi wazee tunachagua wenyewe, miezi 6, 12, 18 au 23, na tunajigharamia, hakuna mshahara. Tulichukua 18. Hatulazimiki kubisha hodi wala kufuata ratiba ya vijana, na ni kheri maana magoti yangu yasingekubali. Kazi yetu ni zile ambazo hakuna anayeziota akifikiria utume: kutafuta nyumba za vijana kupanga, kupeleka magodoro, kufuatilia bili ya maji, kukagua kama jiko lao ni safi (sijawahi kulikuta safi), kumpeleka aliyeumwa jino kwa daktari, Jumapili mke wangu anapiga kinanda kwenye tawi dogo ambalo likipata watu arobaini tunasema leo tumejaa. Halafu mimi juu ya hayo yote nikapewa uratibu wa magari. Hapo ndo stori yenyewe ilipo ila nitafika.

Jambo moja la kuchekesha kwanza. Kwenye beji zetu za kifuani kijana wa miaka 19 ameandikwa Mzee. Ndio cheo chao kwa Kiswahili, Mzee fulani. Mimi mwenye mvi hadi masikioni nami ni Mzee. Mke wangu, bibi wa wajukuu saba, beji yake inasema Dada, na nadhani ndo sababu kubwa anaipenda misheni.

Jina la wifi lilitoka kwake. Wiki ya pili hivi, yeye ndo alikuwa anaendesha, akapita kwenye tuta haraka kidogo kidude kikamkoromea, akakaa kimya kama dakika nzima halafu akasema, huyu ni wifi. Nikacheka nikamwambia kweli ni waifai, si kinatuma habari kwa mtandao. Akasema sio hiyo, namaanisha wifi, dada yako, ameketi hapo mbele haulizwi kitu anaona kila kitu na jioni anapeleka habari ukweni. Tangu siku hiyo ni wifi tu. Wifi kaamka vibaya leo. Msalimie wifi. Na mimi nikikoromewa, mama watoto anageukia dirishani nikiona mabega yanatikisika najua anacheka, anasema leo wifi yuko upande wangu.

Sasa kinafanyaje kazi. Kinasikiliza setilaiti za GPS, zile zinazozunguka huko juu kilomita kama 20,200, kinahitaji angalau nne ili kijue kipo wapi sawasawa na kinaenda kwa mwendo gani, halafu kinalinganisha na ramani yake, kwamba hapa mwisho 50, pale mwisho 80. Ukizidi kidogo kinakuonya kwa mdomo. Ukirudi chini ndani ya sekunde chache yameisha, hamna aliyejua. Ukikaidi kinaandika. Ndani yake pia kuna kipimo cha mtikisiko, ukikanyaga breki kwa nguvu au ukakata kona kama unafukuzwa kinajua. Mkanda kinaujua kupitia gari yenyewe. Na kina laini ya simu ndani, hayo yote yanaenda ofisini hata kabla hujazima injini.

Upande wa mkanda sina ugomvi nacho hata kidogo. Mimi ni wa kizazi ambacho mkanda ulikuwa pambo, ukimwona askari unauvuta begani bila kuuchomeka, akishapita unauachia. Miaka thelathini na kitu nimeendesha hivyo. Mke wangu amenisema, watoto wamenisema, binti yangu ni nesi amenionyesha mpaka picha ambazo sikuziomba. Mkanda huu wa pointi tatu upo tangu 1959, Volvo ndo walianza kuuweka, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa walio ndani ya gari hadi nusu, hayo yote nilikuwa nayajua na bado nilikuwa nauvuta begani tu. Kilichonibadilisha sio takwimu, ni kelele. Huwezi kuendesha na kile kitu kinalia. Siku ya nne nikaanza kufunga kabla ya kuwasha gari na sijawahi kurudi nyuma, sasa hivi hata nikikaa kwenye kochi mkono unakwenda begani wenyewe.

Ila uelewa hakina, na hapa naanza malalamiko.

La kwanza siti. Tunabeba vitu vingi, na siti ya abiria ina kitu ndani yake kinachohisi uzito, kwahiyo ukiweka boksi la vitabu pale mbele mama watoto akiwa hayupo, wifi anajua kuna mtu amekaa bila mkanda. Utalia nacho njia nzima. Nimejaribu kulisogeza boksi, nimejaribu kuliinua upande, mwisho nikakubali, boksi linafungwa mkanda. Kuna siku nimesimama kwenye mataa na boksi la Kitabu cha Mormoni limefungwa mkanda vizuri kabisa kifuani, dereva wa daladala pembeni akaliangalia, akaniangalia mimi, akaona beji, akatikisa kichwa kwa huruma. Sikuwa na la kumweleza.

La pili ramani. Kuna kipande cha barabara tunapita karibu kila siku kwenda nyumba za vijana, kibao kimesimama pale kinasema 80, kibao kipya kinang'aa, lakini kwa wifi ile bado ni barabara ya zamani ya mtaani, mwisho 50. Kwahiyo una machaguo mawili, uende 50 malori yakupigie honi mpaka uone aibu, au uende na wenzako usikie punguza mwendo, punguza mwendo, punguza mwendo kwa kilomita sita. Tulipiga picha kibao tukatuma. Ilichukua miezi mitatu kurekebishwa. Miezi mitatu! Na katika hiyo miezi mitatu mimi mwenyewe nilionekana kwenye ripoti kama mhuni.

La tatu mashimo. Ukiangukia shimo kidude kinadhani umefanya fujo. Hakijui kwamba shimo ndo limekufanyia fujo wewe. Na barabara za kwenda kwa baadhi ya washiriki wetu ni shimo moja refu lenye vipande vya lami katikati.

La nne sauti haipungui. Hakuna kitufe. Nimetafuta, vijana wametafuta, na vijana wa umri ule wakishindwa kupata kitufe ujue hakipo. Mzee mmoja kijana (mnaona shida ya hii lugha) aliwahi kukifunika na soksi, kikawa kinaongea kama mtu aliyefunikwa shuka, na bado ripoti ilikuja kama kawaida.

Sasa uratibu. Kila Jumatatu asubuhi nafungua kompyuta ofisini napata orodha ya magari yote ya misheni, nani kazidi mwendo mara ngapi, wapi, saa ngapi, mistari ya njano na mistari myekundu. Kazi yangu ni kuwapigia wenye mistari myekundu. Nilikuwa naogopa kweli mwanzoni, sio tabia yangu kufokea watoto wa watu, nikaandika maneno kwenye karatasi. Simu ya kwanza ilikwenda hivi.

Shikamoo mzee.

Marahaba Mzee. Mzee, Jumatano saa nane mchana mlikuwa mnakimbilia wapi?

Kimya. Nasikia mwenzake anamnong'oneza kitu. Halafu: tulikuwa tumechelewa somo, mzee.

Mlikuwa mnaenda kufundisha nini?

Kimya tena, kirefu zaidi. Subira, mzee.

Nikakata simu maana nilikuwa nacheka na sikutaka asikie. Karatasi yangu ya maneno sijaitumia mpaka leo.

Wiki ya tatu nikafungua orodha, mstari wa kwanza mwekundu kabisa juu ya wote, naangalia namba ya gari, yetu. Ijumaa saa kumi jioni, 94 kwenye 80, na hiyo haikuwa ile barabara yenye kibao cha ubishi, hiyo ilikuwa mimi. Nikakumbuka, tulikuwa tunawahi kufika kabla giza halijaingia maana taa moja ya mbele ilikuwa imeungua, ambayo nayo mratibu wa magari alitakiwa awe ameshaibadilisha. Nikampigia rais wa misheni mwenyewe nikajisema kabla hajaniona. Alicheka sana, halafu akauliza, sasa wewe nani atakupigia? Jioni nikamsimulia mama watoto tukala tukamaliza, nimekaa sebuleni simu ikalia. Naona jina lake. Yuko jikoni, hatua nane kutoka nilipokaa. Nikapokea.

Mzee, anasema kwa sauti ya ofisi, Ijumaa saa kumi ulikuwa unakimbilia wapi?

Miaka 41 ya ndoa, jamani. Vijana wanabadilishiwa mwenza kila baada ya wiki sita hivi au miezi michache, leo yupo na huyu kesho na yule, wakati mwingine wanatupigia wanalalamika mwenza wangu anakoroma, mwenza wangu haoshi vyombo. Sisi mwenza wetu habadilishwi. Mama watoto huwa anawaambia vumilieni watoto, mimi nasubiri uhamisho tangu harusi.

Kuna usiku mmoja lazima niuandike kwa sababu ndo usiku niliotaka kuking'oa. Saa tano na nusu simu, kijana ana maumivu ya tumbo upande wa kulia chini, anatapika, mwenzake anaongea haraka haraka hadi simwelewi. Binti yangu nesi nikampigia akasema baba hicho kidole tumbo peleka sasa hivi. Tukavaa tukatoka. Tukampakia nyuma amejikunja, mwenza wake kamshika, mke wangu anawaombea huku anafunga mkanda, na mimi nikakanyaga. Wifi akaanza. Punguza mwendo. Punguza mwendo. Nikamwambia nyamaza, kwa sauti, mtu mzima nabishana na plastiki. Punguza mwendo. Mama watoto akamwambia wifi kwa upole kabisa, wifi leo tuachie mgonjwa ni wako pia. Na huko nyuma yule mgonjwa akaanza kucheka, anacheka anashika tumbo anasema bibi usinichekeshe inauma, inauma bibi, na anaendelea kucheka. Alipasuliwa alfajiri, yuko salama, kovu lake anamwonyesha kila mtu. Jumatatu nikakuta mistari kumi na moja myekundu ya gari yetu, na pembeni kuna nafasi ya maelezo ya mratibu. Nikajiandikia maelezo mwenyewe nikajisamehe mwenyewe.

Sikusema nilifanya vizuri lakini. Nimeifikiria ile safari mara nyingi. Barabara haina taa, nina miaka 67, macho ya usiku sio yale, na watu wanne ndani. Kama ningegonga mtu au nikatuangusha, kidole tumbo kisingekuwa habari tena. Sipendi kukiri hili ila kile kidude usiku ule hakikuwa na huruma na hesabu kilikuwa nayo.

Hesabu yenyewe niliwafundisha vijana kwenye mkutano wa zoni, yaani wamisionari wa eneo moja, na nyie mjaribu. Gari ikiwa 60 kwa saa inakula karibu mita 17 kila sekunde. Mtu wa kawaida kuona hatari mpaka mguu uguse breki inaweza kwenda sekunde moja na nusu, mzee kama mimi aliyechoka zaidi ya hapo. Sekunde moja na nusu ni mita 25. Nikawatoa nje kwenye uwanja wa kuegesha magari, nikamsimamisha mmoja kwenye mstari nikamwambia tembea hatua ndefu 25. Akatembea. Akafika kwenye uzio, bado alikuwa na hatua sita. Nikawaambia hapo hata breki haijaguswa. Na breki zenyewe, ukizidisha mwendo mara mbili umbali wa kusimama baada ya kukanyaga unakuwa mara nne, sio mbili. WHO wana namba nyingine inayonikaa kichwani, wastani wa mwendo ukipanda asilimia 1 tu hatari ya ajali ya kuua inapanda asilimia 4. Walikaa kimya, wale ambao hawajawahi kukaa kimya. Halafu mmoja akauliza je boksi lifungwe mkanda? Kumbe ile habari ilishawafikia wote.

Kitu ambacho wifi hakiwezi ni kurudi nyuma, yaani rivasi. Hakina jicho nyuma. Kwahiyo wamisionari wana sheria yao, dereva akirudisha gari nyuma mwenzake anashuka, anasimama nyuma anamwongoza kwa mikono. Vijana wanafanya, na sisi tunafanya. Mvua inyeshe, mama watoto anashuka na mwavuli na beji yake ya Dada, anasimama nyuma ya gari anapunga mkono njoo njoo njoo, simama. Majirani walidhani tumegombana kila siku nimemshusha. Mwanzoni alikuwa anasimama mahali ambapo kioo hakimwoni kabisa, nikawa namwelekeza kwa honi, akakasirika, tukaja tukakubaliana: kama mimi simwoni usoni kwenye kioo cha pembeni basi yeye haonekani, asogee. Sasa namwona usoni kila mara natoka nyumbani. Nyinyi wenye kamera za nyuma endeleeni tu na kamera zenu.

Kuna siku nililalamika sana, kidude kimenikoromea mara tatu kabla ya saa tatu asubuhi, nikasema hawa watu hawatuamini, mtu na umri wake anafuatwa na sauti. Mama watoto ni mtu wa historia, akanikumbusha Brigham Young na Heber C. Kimball, mitume wa mwanzo wa kanisa letu, Septemba 1839 wanaondoka kwenda misheni Uingereza, wote wawili wana homa kali hawawezi kukaa vizuri, wamelazwa kwenye mkokoteni wa kukokotwa na farasi, wake zao ni wagonjwa nyumbani na watoto wadogo. Walipoanza kuondoka Kimball akamwambia dereva simamisha, wakajikongoja wakasimama juu ya mkokoteni wakapunga kofia wakapiga kelele za shangwe ili wake zao wasibaki na huzuni peke yake. Nikasubiri aseme kwahiyo wewe vumilia. Hakusema. Akasema tu, na hao walikuwa wanasimama juu ya gari bila mkanda, wifi angewaua.

Suala la kufuatiliwa naomba niliongelee kwa sababu najua wapo wanaosoma hapa wanataka kuweka kitu kama hiki kwenye gari ya baba au ya mtoto aliyepata leseni juzi. Kinajua ulipo. Kinajua ulisimama wapi na dakika ngapi. Kwangu gari sio yangu, ni ya misheni, mwenye mali ana haki ya kujua mali yake inaendeshwaje na niliambiwa wazi ripoti inakwenda ofisini. Lakini ukimwekea mzazi wako kisirisiri halafu unampigia Jumapili unamuuliza Alhamisi ulikuwa unafanya nini huko, hapo umeharibu, na atajua, wazee tunajua. Mwambie kabla. Mwonyeshe ripoti yeye mwenyewe kwanza. Mimi nilipoanza kuwatumia vijana ripoti zao kabla sijawapigia, simu zikapungua sana, wengi wanaona mstari mwekundu wanajirekebisha wenyewe bila mzee kuingilia.

Na jambo la betri: kinakula umeme kidogo kidogo hata gari imezimwa. Tulikwenda wiki tatu kusaidia misheni ya jirani, gari imekaa, kurudi haiwaki, betri tupu. Inawezekana betri nayo ilikuwa nzee, sitaki kumsingizia wifi kila kitu, lakini sasa gari zinazokaa nawaambia vijana waziwashe kila baada ya siku chache waziache zitembee kidogo.

Kitu ambacho sikukitegemea kabisa. Zamani nikiwa naendesha mama watoto alikuwa na kazi mbili, kuniambia punguza na kuniambia funga mkanda. Safari nzima. Mimi namjibu nimeona, nimeona, na tukifika tumenuniana kidogo. Sasa kazi zote mbili amechukua wifi, yeye hana tena cha kunisema, anaongea mambo mengine. Kwenye ile gari, tukiwa na magodoro yamefungwa juu, amenisimulia vitu vya utoto wake ambavyo kwa miaka 41 sikuwahi kuvisikia, mwalimu aliyemfundisha kinanda kwa kumchorea vitufe kwenye meza ya mbao kwa chaki kwa sababu kinanda chenyewe hakikuwepo, na yeye akafanya mazoezi mwaka mzima kwenye meza, bila sauti, mpaka siku alipokigusa cha kweli akaogopa kumbe kinalia. Nilipunguza mwendo bila kuambiwa na mtu.

Sasa nyota. Mimi nampa 3 kati ya 5, nimemkata moja kwa ajili ya ramani na moja kwa kutokuwa na kitufe cha sauti. Mama watoto anampa 5 na anasema andika 5, gari tunaendesha wote. Basi 4. Kwa mwenye magari mengi na madereva vijana, chukua, hutajuta, ila hakikisha kuna mtu halisi wa kusoma ripoti, bila huyo ni kelele tu. Kwa mwenye gari moja na mke anayeongea, pima mwenyewe.

Kesho tuna magodoro mawili na jiko la kupeleka nyumba mpya ya vijana kule mwisho wa eneo letu. Tutatoka mapema, maana kwa mwendo anaoutaka wifi ile safari ya dakika arobaini inakwenda saa nzima, na jiko nimeshaliona litabidi likae siti ya nyuma na lifungwe mkanda.